Printa Nayo Ipewe Anwani ya Kudumu

Mwaka 2022 nchi yetu ilifanya kazi kubwa ya kuzipa nyumba namba na barabara majina, ili anwani za makazi zijulikane kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti mwaka ule. Sababu yake ilieleweka kwa kila mtu: huduma haimfikii mtu asiyejulikana anapokaa. Jambo hilohilo tumelipuuza ndani ya nyumba zetu wenyewe. Twanunua ruta, kompyuta na printa, twaviunganisha kwa waifai, kisha twaiacha printa ihamehame kama mpangaji asiye na mkataba. Siku tunapoihitaji haionekani, nasi twailaumu mashine isiyo na kosa.

Maoni yangu ni kwamba kila printa inayotumiwa na watu zaidi ya mmoja yapasa ipewe anwani ya kudumu siku ileile inapofungwa, na anwani hiyo iandikwe kwenye karatasi.

Kwa nini anwani hubadilika

Kila chombo kilicho kwenye mtandao wa nyumbani hutambuliwa kwa namba, kwa mfano 192.168.1.50. Namba za jamii hii zilitengwa mwaka 1994 kwa matumizi ya ndani, ndiyo maana nyumba elfu zaweza kuwa na namba zilezile bila kugongana. Mgawaji wa namba ni ruta. Utaratibu wa ugawaji, uliotangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993, ni wa kukopesha: chombo hupewa namba kwa muda maalumu, na muda ukifika nusu huomba kuongezewa. Chombo kilichozimwa hakiwezi kuomba. Kwa hiyo printa iliyolala wiki nzima hupoteza namba yake, ikapewa simu ya mgeni aliyekuja kusalimia.

Umeme nao huongeza matata. Ruta nyingi ndogo huweka daftari la mikopo katika kumbukumbu ambayo hufutika umeme ukikatika. Umeme urudipo, ugawaji huweza kuanza upya, naye atanguliaye kuamka ndiye achaguliwaye kwanza. Kompyuta, ikiwa ilielekezwa kwa namba, huendelea kupeleka kazi kwenye namba ya zamani, ambako printa haipo tena.

Gharama ya umbali

Kwa mkazi wa Dar es Salaam hii ni kero ya nusu saa. Kwa Likawage ni jambo jingine. Kata hii iko bara ya Wilaya ya Kilwa, mbali na barabara kuu ya pwani. Fundi akitakiwa atoke Kilwa Masoko au Lindi, nauli yake yaweza kuzidi thamani ya kazi yenyewe. Hebu tufikirie mwalimu anayechapa mitihani usiku wa kuamkia mtihani, au mtendaji anayetakiwa kubandika taarifa ya mapato na matumizi kabla ya mkutano mkuu wa kijiji. Taarifa isipobandikwa, wananchi hawatafikiria habari za ruta. Watafikiri fedha zimeliwa. Hivyo namba moja iliyohama yaweza kuzaa shaka isiyostahili.

Wapo wasemao kwamba shida ni intaneti mbovu. Sivyo. Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti ilidorora sana nchini mwetu. Hata hivyo kazi itokayo kompyuta kwenda printa ya chumba cha pili haivuki bahari; hupita kwenye ruta ya sebuleni tu, isipokuwa kwa wale wanaochapa kupitia huduma za mbali.

Wapo pia wasemao kwamba vyombo vya siku hizi hutafutana kwa majina, hivyo namba hazina maana. Hoja hii ina ukweli wake, na nyumba yenye vyombo vipya vitupu yaweza kutosheka nayo. Lakini penye kompyuta kuukuu, au ruta inayozuia matangazo ya majina, namba ndiyo kimbilio.

Lifanyike nini

Njia iliyo bora ni kuiagiza ruta iiwekee printa namba maalumu. Kila printa ina alama yake ya kiwandani, yenye tarakimu na herufi 12 zilizopangwa jozi sita. Alama hiyo huandikwa kwenye ruta pamoja na namba iliyochaguliwa, na tangu hapo hakuna mwingine apewaye namba hiyo. Iangaliwe kwamba printa yenye waifai na waya huwa na alama mbili, moja kwa kila njia.

Ikiwa ruta haina uwezo huo, namba iwekwe kwenye printa yenyewe, lakini nje ya fungu linalogawiwa. Ruta ikigawa kuanzia 100 hadi 199, printa ichukue 50. Namba ikichukuliwa ndani ya fungu, siku moja vyombo viwili vitadai namba moja, na hapo tiba itakuwa mbaya kuliko ugonjwa.

Mimi napendelea njia ya kwanza, kwa kuwa daftari huwa moja na mahali pamoja. Ila ruta ikibadilishwa daftari huondoka nayo. Hivyo fundi asidai ujira kabla ya kubandika juu ya printa karatasi yenye namba, alama ya kiwandani na tarehe.

Sanduku la barua limetufundisha somo hili zamani: mtu huweza kuhama nyumba mara tano, S.L.P. yake ikabaki ileile, na barua zikamfikia. Simu za wageni na zikope namba na kuzirudisha. Printa ni mwenyeji, na mwenyeji hupaswa kukutwa pale alipoachwa.