Vijana wa Gitaa na Deni la Miaka ya Sitini

Kila bendi changa ya gitaa inapotoa albamu yake ya kwanza, wahakiki hukimbilia lawama ile ile: vijana hawa wameiga miaka ya sitini. Oasis wa Manchester walirushiwa lawama hiyo walipotoa Definitely Maybe mwaka 1994, kwani hawakuficha mapenzi yao kwa Beatles.

Naipinga lawama hiyo. Albamu ya kwanza ya Beatles wenyewe, ya mwaka 1963, ina nyimbo 14. Sita zilitungwa na wengine, na nyingi kati ya hizo walizipokea kutoka kwa waimbaji Weusi wa Marekani. Mmoja wao, Arthur Alexander, mtunzi wa "Anna", baadaye alitafuta riziki kwa kuendesha basi mjini Cleveland.

Kuiga si kosa, ndiko kujifunza. Kosa ni kuukata ukoo wa muziki huu pale Liverpool, tukawaita wanafunzi waasisi na kuwasahau walimu wao. Mwanafunzi wangu asipotaja chanzo chake, namnyima alama. Mhakiki naye asamehewe kwa lipi? Tusiwadai vijana upya. Tuwadai wahakiki ukweli.