UCHANGANUZI: Tiba ya akili isitoneshe kidonda

Tangu bomu lilipoua watu 213 jijini Nairobi mwaka wa 1998, Kenya imelimbikiza majeraha yasiyoonekana: ghasia za 2007-2008, Westgate 2013, Chuo Kikuu cha Garissa 2015, Shakahola 2023. Jopokazi la serikali lilipendekeza mwaka wa 2020 afya ya akili itangazwe janga la kitaifa. Sheria nayo ikarekebishwa mwaka wa 2022.

Hata hivyo, sheria haimfunzi tabibu namna ya kumkabili aliyepatwa na kiwewe. Mwathiriwa wa ubakaji husimulia masaibu yake kwa karani, kwa muuguzi, kisha kwa daktari. Akipandwa na hofu, hushikwa kwa nguvu na kudungwa sindano. Kwa aliyewahi kushikwa hivyo na mbakaji, hiyo si tiba.

Mafunzo yanayohitajika humwelekeza mhudumu aombe idhini kabla ya kumgusa mgonjwa, aeleze kila hatua, na asidadisi yasiyo ya lazima. Semina ya siku mbili hotelini (posho zikiwemo) haitatosha bila usimamizi wadini. Yamkini karani na bawabu ndio wangetangulia darasani, kwani ndio humpokea mgonjwa. Afya iligatuliwa mwaka wa 2013. Gharama hii ni ya magavana, ambao ni wepesi zaidi wa kuzindua majengo.