Acheni Kutuhamasisha, Tuulizeni

Hakuna neno lililochoka katika mikutano ya mazingira huku kwetu Nyanza Kusini kama neno "uhamasishaji". Hema husimamishwa, viti vya plastiki hupangwa, fulana hugawanywa, na kabla ya chai ya saa nne mtu amekwisha kusema: wananchi hawajui, wahamasishwe. Mto ukichafuka, wahamasishwe. Samaki wakipungua, wahamasishwe. Wenyeji hupiga makofi, hupokea nauli, hurudi makwao. Mto nao huzidi kuchafuka.

Neno hilo limebeba imani kwamba maarifa ya kuitunza ardhi yako mikononi mwa wataalamu, na kazi iliyobaki ni kuyashusha kwa mwananchi kama mtu amwagiaye mche maji. Imani hiyo ni potovu, na ushahidi umo humu humu Homa Bay na Migori.

Twende Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Hapo pana kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Katika miaka ya 1990, mtafiti Zeyaur Khan, mzaliwa wa India, alikuwa akitafuta njia ya kumshinda funza wa mabua ya mahindi bila kumtwisha mkulima gharama ya sumu. Aliungana na watafiti wa humu nchini na wanakemia wa taasisi ya Rothamsted, Uingereza, wanaochunguza harufu ya mimea: ipi humwita nondo anayetaga mayai ya funza huyo, ipi humfukuza. Wakapanda nyasi ya nepia kuzunguka shamba. Nondo akavutwa kutaga huko, na funza wengi wakafia katika utomvu wa nepia unaonata. Katikati ya mistari ya mahindi wakapanda mmea wa desmodiamu, ambao harufu yake nondo haitaki. Mbinu hiyo ikajulikana kwa jina la vuta-sukuma.

Kisha likatokea ambalo hakuna aliyelitarajia. Kila mkulima wa huku anaijua kayongo, gugu ambalo wataalamu huliita striga. Maua yake ya zambarau yanapendeza macho, lakini chini ya udongo limeng'ang'ania mizizi ya mahindi na kuyafyonza hadi yadumae. Mmea mmoja humwaga maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo hulala ardhini miaka kumi na zaidi zikingoja mahindi. Palipopandwa desmodiamu, kayongo ilififia. Bingwa wa wadudu hakuweza kulieleza jambo hilo peke yake. Ilibidi wanakemia waichunguze mizizi, wakagundua kwamba desmodiamu hutoa vitu vinavyoiamsha mbegu ya kayongo na vingine vinavyoizuia kushika mzizi wa mahindi, hata ikafa kwa njaa.

Na mkulima je? Yeye alileta ambalo maabara haikuwa nalo. Nepia ilimfaa kwa sababu alikuwa tayari akiwalisha ng'ombe wake kwayo. Halafu akauliza swali la jikoni: maharagwe nitayapanda wapi? Shamba la nusu ekari haliwezi kuwekwa mahindi na majani ya ng'ombe tu wakati watoto wanataka kitoweo. Watafiti wakarudi shambani, wakajaribu kupanda maharagwe pamoja na desmodiamu, na ikawezekana. Mbinu ikaenea kwa sababu mkulima alimfundisha mkulima mwenzake, akimwonyesha bua kwa mkono wake.

Sisemi kwamba mwenyeji anajua yote. Vizazi na vizazi wazee wetu waliing'oa kayongo kwa jembe na kwa mikono, nayo ikarudi, kwa kuwa siri ya mizizi haionekani kwa macho. Ninachosema ni kwamba kila mmoja pale Mbita alikuwa na kipande, na hakuna kipande kilichotosha.

Sasa litazame ziwa, uone mambo huwaje wakati upande mmoja unapojiona umetosha. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, samaki aina ya mbuta alitiwa humu ili kuongeza kitoweo na biashara. Hata miongoni mwa wanasayansi wapo waliopinga. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, aliandika onyo lake mwaka 1960. Hakusikilizwa. Kufikia miaka ya 1980 fulu, samaki wadogo wa aina mamia ambao hawapo kwingineko duniani, walikuwa wameporomoka. Mbuta ameleta fedha, hilo halikanushiki. Lakini fulu alianikwa juani akakauka, wakati mbuta mkubwa ana mafuta mengi, hataki jua, anataka moto. Kuni za kumbanika na kumkaanga zimetoka kwenye miti ya ufukweni. Mama yeyote anayekausha samaki angeyasema hayo kwa dakika mbili, kama angeulizwa.

Kosa hilo tunalirudia Macalder, kule Nyatike. Mchimbaji mdogo wa dhahabu husaga mwamba, huosha unga wake, hutia zebaki kwenye karai na kuisugua kwa viganja vitupu, hukamua donge kwa kitambaa, kisha hulichoma motoni, moshi ukimwingia kifuani. Zebaki inayomwagika huweza kusombwa na mvua hadi Mto Kuja, hadi ziwani, na humo huingia katika samaki tunaowala. Twampa mchimbaji huyo bango lenye picha ya fuvu. Bango halimwambii atapataje dhahabu yake jioni ya leo bila zebaki, wala nani atalisubiri deni lake dukani. Suala hilo linataka mwanakemia, muuguzi wa zahanati, mnunuzi wa dhahabu na mama mwenye karai waketi kwenye benchi moja, wasikilizane kwa lugha inayoeleweka na wote.

Wapo watakaonijibu kwa methali kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Nawaalika Thimlich Ohinga, Migori. Kuta zake za mawe, zingine zikipita urefu wa watu wawili, zimesimama tangu karne ya 16 bila saruji wala udongo wa kuzishikanisha. Jamii za Kibantu na za Kinailoti zilipokezana makao hayo, kila moja ikikarabati kazi ya waliotangulia, hata UNESCO ikayaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Wengi waliishika kazi hiyo, na ukuta haukuanguka.

Kwa hiyo, ninyi mnaopanga bajeti za mazingira katika kaunti zetu mbili, fedha za fulana na mabango zitoeni huko. Lipeni siku za kukaa shambani, mgodini na mwaloni, daftari likiwa wazi na mdomo ukiwa umefungwa. Mpango wowote usipitishwe kabla ya anayeishi nao kusema umepungukiwa na nini. Mkulima alipopewa nafasi alisema maharagwe, na mbinu ikawa bora. Mama wa Macalder bado anangoja kuulizwa.