Si Kila Keki ni ya Kuuzwa, Si Kila Kitabu ni cha Mtihani

Watu wangu wa Mombasa, leo tuongee ukweli. Kuna maswali mawili ambayo ukikulia kisiwani hapa lazima umeyasikia, na mimi yamenichosha.

La kwanza: umepika keki, imeumuka vizuri, imeshika rangi, nyumba nzima inanukia iliki. Mtu anaonja kipande, anafumba macho, halafu anasema, "Mbona usiuze?"

La pili: umekaa zako kidirishani na kitabu, umezama kabisa. Mtu anapita, anakuangalia, anauliza, "Kwani una mtihani?" Nyanya yangu naye huulizia jikoni kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Huyu yuwasomea nini saa hizi?"

Angalia vile maswali haya mawili yanafanana. Yote yanakutaka ueleze faida iko wapi. Kama hakuna pesa na hakuna alama, basi unapoteza wakati. Kusema "nafanya kwa sababu napenda" haitoshi, utaangaliwa kama mtu aliyesema jambo la kitoto.

Maoni yangu ni haya: nyumba ambayo kila kitu lazima kilete pesa au alama ni nyumba iliyochoka. Na wa kwanza kuchoka huwa ni wasichana.

Kabla hujanirukia, sijasema biashara ni mbaya. Nani asiyejua kwamba Mji wa Kale umesomesha watoto kwa mahamri, viazi karai na mkate wa sinia? Wako kina mama hapa Kibokoni na Kuze ambao ada ya shule, kodi ya nyumba na hata nauli ya kwenda hospitali vyote vimetoka kwenye karai. Wale nawapa heshima zao zote. Mtu anayeuza kwa sababu anahitaji, au kwa sababu anaipenda biashara, yuko sawa kabisa.

Shida yangu ni vile tumefanya kuuza kuwa ndiyo sababu pekee ya kupika kitu kizuri.

Nina binamu yangu ambaye alikuwa anapenda kupika kuliko mtu yeyote ninayemjua. Jumapili asubuhi utamkuta jikoni anajaribu jambo lake: keki ya nazi, mkate wa mayai, siku nyingine biskuti zimeungua na bado tunazila tukicheka. Familia ikaanza: "Mashaallah, una mkono! Uza!" Akafunguliwa ukurasa, picha zikawekwa, oda zikaanza kuingia. Wiki moja ya Idd alikuwa na oda 11. Alilala saa 10 alfajiri akaamka saa 12. Keki ya kilo moja, mteja anamwambia, "Nipunguzie bwana, si umefanya nyumbani tu?" Hapo mayai amenunua, siagi amenunua, gesi imekatika katikati ya kazi na mtungi umejazwa kwa pesa za kukopa.

Unajua sisi wa nyumbani tulikula nini Idd ile? Zile kingo. Vile vipande vinavyokatwa ili keki ya mteja ikae sawa. Na yeye mwenyewe hata hizo kingo hakuonja, harufu ya vanila ilikuwa imeshamchefua. Leo hii ukimwambia tupike kitu anasema, "Na nani atalipa?" Hakuna aliyemkosea kwa makusudi. Tulimsifu tu, lakini sifa yetu ilikuja na bei.

Sasa njoo kwenye vitabu.

Fikiria siku ya kijana wa hapa. Shule asubuhi. Mchana au jioni chuo. Ukirudi kuna kazi ya shule, kuna kutumwa dukani boflo, kuna vyombo. Ikifika saa 3 usiku mtu hana akili tena, anachukua simu anateleza nayo hadi usingizi. Ndani ya siku yote hiyo kitabu kimekuja kwa sura moja tu: kitu cha kukusanyia alama.

Nimewasikia wengi wakisema, "Mimi riwaya sipendi." Nawauliza, ni riwaya gani umesoma? Wanasema Chozi la Heri, wengine Bembea ya Maisha, ambayo hata si riwaya, ni tamthilia. Halafu nawauliza, uliisoma vipi? Wanasema: maudhui, wahusika, mbinu za lugha, toa mifano. Basi huyu mtu hajawahi kusoma riwaya. Amejibu riwaya. Ni kama kumpa mtu biriani halafu kila tonge umsimamishe aeleze sifa nne za mchele. Akimaliza atakwambia biriani si tamu, na hatakuwa amedanganya.

Jaribu kusoma kitu ambacho hakuna mtu atakuuliza. Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alimuumba mpelelezi anaitwa Bwana Msa, mzee wa kuvuta kiko na kufikiri. Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichapishwa mwaka 1960. Kimezaliwa kabla ya wazazi wetu wengi, na bado utakesha nacho ukitaka kujua nani ameua. Hakuna maudhui ya kukariri. Unafungua ukurasa kwa sababu moja tu: unataka kujua kinachofuata.

Na wale watakaosema kusoma kwa raha si mambo yetu, ni mambo ya Wazungu, hao nawaomba watulie kidogo. Tuko Mvita hapa.

Muyaka bin Haji alikuwa mtu wa mji huu huu. Alifariki karibu na mwaka 1840. Alitunga kuhusu siasa za wakati wa Mazrui, lakini pia kuhusu mapenzi na dhiki za kila siku. Mashairi yake hayakuchapishwa akiwa hai. Mwishoni mwa karne ya 19, mmisionari Mwingereza anayeitwa William Taylor aliyakusanya, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa hapa hapa Mombasa. Yakaja kuchapishwa kama diwani mwaka 1940, na William Hichens. Piga hesabu: miaka 100 hivi baada ya mtu kufa.

Miaka ile yote kabla hayajaandikwa na Taylor, mengi yalikuwa wapi? Yalikuwa midomoni na vichwani mwa watu. Hakukuwa na mtihani wa Muyaka. Hakuna aliyelipwa kwa kuyakumbuka. Watu waliyabeba kwa sababu yalikuwa matamu. Mimi huiona hiyo kama dalili kubwa: kitu kinachopendwa hudumu kuliko kitu kinacholazimishwa. Wewe mwenyewe ulichokariri kwa mtihani wa darasa la sita kiko wapi sasa hivi?

Halafu kuna leso. Nyanya zetu, hata wale ambao hawakusoma shule, leso wanaijua jina lake kabla hawajaigusa. Mtu anaenda Biashara Street, anazifunua moja moja, anasomewa maandishi, anacheka, anasema, "Hii ya jirani yangu." Hiyo si fasihi ya raha ni nini? Na hadithi za usiku, paukwa, pakawa, nani aliambiwa ataje wahusika? Hatujakopa raha ya maneno kwa mtu. Tuliiweka chini sisi wenyewe tukasahau tumeiweka wapi.

Sasa utaniuliza, keki na kitabu vina uhusiano gani? Vina uhusiano mkubwa: kusubiri.

Chukua mkate wa sinia. Mchele umelowekwa tangu usiku, umesagwa na tui la nazi, umetiwa sukari, iliki na hamira. Halafu? Halafu unakaa. Unasubiri mpaka uumuke, utoe vipovu juu. Huwezi kuusukuma. Chukua mkate wa mayai wa zamani: mayai na sukari vinapigwa mpaka viwe vyeupe na vizito, manake hewa ile ndiyo itakayouinua, kisha unaokwa kwa makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Mtu lazima akae karibu. Hawezi kwenda mbali, na hana la kufanya.

Ule muda wa unga kuumuka ndio muda mzuri kuliko wote wa kusoma. Mikono imeoshwa, kazi imefanyika, hakuna anayeweza kukuambia umekaa bure, na bado una nusu saa au saa nzima ambayo ni yako. Sisi nyumbani tumeanza hivi: wakati unga umefunikwa, mtu mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza. Mamangu, ambaye miaka yote anasema hana wakati wa vitabu, sasa ndiye anayeuliza, "Bwana Msa amefika wapi?" Na akikosa sura moja anataka asimuliwe yote.

Lakini hapa kuna jambo zito, na ndilo lililonifanya niandike.

Nani katika nyumba zetu anaruhusiwa kukaa bure? Tembea Mji wa Kale jioni uone. Barazani wamejaa wavulana. Wengine wako Mama Ngina wanakula mihogo na kupunga upepo. Hakuna anayewauliza wana faida gani. Ndani ya zile nyumba kuna dada zao wako jikoni, na katika Ramadhani ndiyo usiseme: tangu alasiri mpaka baada ya futari msichana yuko kwenye kaimati, sambusa, viazi, vyombo. Akimaliza akashika kitabu ndiyo anaulizwa, "Kwani huna kazi?"

Kwa hivyo ninaposema tupike kwa raha, sisemi msichana aongezewe kazi nyingine iitwe raha. Raha ambayo mmoja anaoka na wengine wanangoja sahani hiyo si raha ya familia. Ikiwa dada anapiga mayai, kaka aoshe sufuria. Ikiwa mama ameukanda unga, mtoto wa kiume ndiye asome kwa sauti, au asome mama na kijana akae jikoni. Mikono ya wavulana haina ugonjwa. Wallahi unga haubagui.

Najua mtu atasema, "Wewe unaongea raha na mayai yamepanda bei." Ni kweli, na ndiyo maana sisemi keki ya ghorofa tatu. Vikombe viwili vya mchele na nazi moja vinatosha watu wengi. Kitabu kinaweza kuazimwa, maktaba iko hapa hapa mjini, na rafiki yako ana kitabu amekisoma kimekaa juu ya kabati kinapata vumbi. Shida mara nyingi si pesa. Shida ni ile aibu ya kuonekana umekaa na furaha isiyo na risiti.

Na kuhusu simu, mimi si mtu wa kuwahubiria. Kazi yangu ni video, naishi na simu mkononi. Lakini hata mimi naona vile kamera ni mteja mwingine. Keki ikitoka inapigwa picha kwanza, inageuzwa, taa inaletwa, chai inapoa, watoto wanaambiwa "usiguse!" Mwisho keki imependwa na watu 400 ambao hawakuionja, na wanne walio nyumbani wameila baridi. Keki nyingine ziacheni zisionekane na mtu. Ziliwe tu.

Ombi langu ni dogo. Wiki hii chagueni siku moja. Pikeni kitu kimoja kisichouzwa, someni kitu kimoja kisichotahiniwa, na vyombo vigawanywe. Kama unauza keki, moja katika hizo iwe ya nyumbani, nzima, si kingo. Kama una mdogo wako anayesoma, mpite kimya, au bora zaidi kaa naye umuulize, "Hadithi imefika wapi?"

Na mtu akikupikia kitu kitamu, usimpangie biashara. Mwambie ni tamu, halafu omba kipande kingine.