Takwimu za Zahanati Zikae Wapi?

Mjadala kuhusu aina ya programu ambayo taasisi inafaa kuchagua, ile inayosakinishwa ndani ya kompyuta yenyewe au ile inayofunguliwa kwa kivinjari kupitia mtandao, huendeshwa mara nyingi kana kwamba ni mashindano kati ya mambo ya kale na ya kisasa, ilhali historia ya mifumo ya taarifa za afya nchini Kenya inaonyesha kwamba ndani yake mna maswali mawili ambayo huchanganywa bila sababu. Swali la kwanza linahusu mlango, yaani namna mtumiaji anavyoingia katika programu. La pili linahusu ghala, yaani mahali data zinapowekwa na mwenye mamlaka juu yake. Anayechagua mlango hajachagua ghala bado.

Mfumo wa DHIS, unaotumika kukusanya takwimu za vituo vya afya, ulianza Afrika Kusini katika miaka ya 1990 ukiwa programu ya kusakinishwa iliyojengwa juu ya Microsoft Access. Kila ofisi ilikuwa na hifadhidata yake, yaani mkusanyiko wa data uliopangwa ili kutafutika kwa urahisi, na takwimu zilisafirishwa kama mafaili kutoka ngazi moja hadi nyingine. Utaratibu huo haukuhitaji intaneti, lakini ulizaa tatizo ambalo hakuna bidii ya karani iwezayo kulimaliza: ofisi mbili zikisahihisha idadi ileile kwa nyakati tofauti, huwapo matoleo mawili ya ukweli, na anayeyapokea hana njia ya kujua alishike lipi. Toleo lililofuata, DHIS2, lililoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, liliundwa kwa ajili ya kivinjari, na mwaka 2011 Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kulitumia kitaifa kupitia seva moja ya pamoja, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote. Nyaya za chini ya bahari zilikuwa zimefika Mombasa miaka miwili tu kabla ya hapo, na ofisi nyingi za wilaya zilitegemea modemu za simu.

Uamuzi huo wa kijasiri ulifaulu kwa sehemu kubwa kwa sababu ya aina ya kazi yenyewe. Mtunza kumbukumbu anayejumlisha rejista za mwezi mzima na kuingiza idadi ya wagonjwa wa malaria kutoka katika fomu ya MOH 705 hapotezi kitu kikubwa mtandao ukikatika, kwa kuwa kivinjari kiliongezewa uwezo wa kuhifadhi kwa muda alichokiandika na kukituma mawasiliano yakirejea. Ripoti ya mwezi inaweza kusubiri hadi kesho yake asubuhi.

Mgonjwa hawezi. Tabibu anayetaka kujua dawa alizopewa mgonjwa mara ya mwisho, kisha akaambiwa kwamba mfumo uko chini, hurudi kwenye karatasi au hukisia, na yote mawili yana gharama. Hapa ndipo mfano wa KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa juu ya programu huria ya OpenMRS, unapovunja mgawanyo uliozoeleka. Mfumo huo hufunguliwa kwa kivinjari kama tovuti yoyote, lakini katika vituo vingi seva yake imewekwa kituoni hapohapo, ikiunganishwa na kompyuta za vyumba vya matibabu kwa mtandao wa ndani, hivyo intaneti inaweza kupotea siku nzima na kliniki ikaendelea. Mlango ni wa kimtandao. Ghala liko nyuma ya ukuta.

Athari ya umbali wa ghala ilidhihirika tarehe 12 Mei 2024, wakati nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na kudhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania na Kenya zikiwamo. Katika hitilafu ya aina hiyo, huduma ambayo seva yake iko ndani ya nchi ina nafasi ya kuendelea kupatikana kwa njia za ndani, wakati ile iliyokodiwa ng'ambo hutegemea nyaya za baharini kama hizo zilizokatika.

Watetezi wa seva ya pamoja wana hoja moja nzito kuliko zote, nayo ni matunzo. Programu iliyo mahali pamoja husasishwa mara moja kwa wote, ilhali seva mia moja za vituoni zinahitaji umeme wa uhakika, fundi wa kuzitembelea na nakala rudufu, yaani nakala za akiba zinazowekwa mbali na seva ili moto au mwizi asimalize kila kitu. Kituo kisicho na fedha za mambo hayo hakijajipatia uhuru kwa kuwa na seva yake, bali kimejiongezea hatari. Hata hivyo, kwa kumbukumbu za tiba, hatari hiyo inapunguzika kwa bajeti na ratiba, jambo lisilowezekana kwa waya uliokatika baharini. Kwa hiyo seva ya kituoni inayotuma nakala makao makuu kila mtandao unapopatikana ndiyo chaguo bora, huku takwimu za jumla zikibaki kwenye seva ya kitaifa.

Kaunti, ambazo tangu 2013 ndizo zinazosimamia sehemu kubwa ya huduma za afya, zinaweza kuudai mpangilio huu, na kuupima kwa majaribio mawili, kabla ya kutia saini mkataba wowote. Jaribio la kwanza ni kuchomoa waya wa intaneti mbele ya muuzaji, katikati ya siku ya kliniki, na kuona ni kazi gani inayosimama. La pili ni kumtaka azitoe data zote, zikiwa zimesimbwa kwa usalama wa wagonjwa, na kuzifungua upya katika kompyuta ambayo haijawahi kuwekwa programu yake.