Samadi Iliyooza Haikosi Hatari

Mfugaji wa Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, anapozoa samadi zizini na kuimwaga bustanini, huamini kuwa anatenda jambo jema. Ni kweli, maana samadi huirutubisha ardhi. Lakini yafaa tujiulize: ng'ombe wake walidungwa dawa gani?

Oksitetrasaiklini, dawa itumiwayo sana kwa mifugo, kwa sehemu kubwa hutoka mwilini na mkojo na kinyesi bila kubadilika. Tumboni mwa ng'ombe bakteria dhaifu hufa. Walio sugu husalia na kuzaana. Usugu huo umo katika jeni zao, na nyingi ya jeni hizo huweza kuhamia kwa bakteria wa jamii nyingine. Tukumbuke kwamba doksisaiklini, inayowatibu wagonjwa wa kipindupindu, ni ndugu wa dawa hiyo ya ng'ombe.

Wapo wasemao kwamba samadi ikioza, vijidudu hufa na hatari huisha. Sivyo. Mwaka 1928, Frederick Griffith wa Uingereza aliwadunga panya bakteria wakali wa nimonia waliokwisha kuuawa kwa joto, pamoja na wengine walio hai wasiodhuru. Panya wakafa, kwa kuwa walio hai walikuwa wamerithi ukali wa wafu. Basi bakteria huweza kufa na jeni yake ikabaki.

Je, tuache kutumia samadi? Hasha. Tuirundike pamoja na majani makavu, tuinyunyizie maji na kuigeuza, ili kila sehemu ipate joto la sentigredi 55 au zaidi kwa siku kadhaa. Kisha tuiache ikomae. Njia hii hupunguza bakteria sugu na jeni zao, ingawa haimalizi zote. Mtambo wa gesi ya samadi usiopashwa moto haufikii joto hilo, hivyo tope lake lisidhaniwe kuwa salama.

Kwa maoni yetu, kazi ianzie zizini: chanjo na josho zitangulie, na dawa zitolewe kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Nazo shule za sekondari ziwe na lundo la mboji na kipimajoto, wanafunzi waandike joto lake kila siku. Hilo ni somo la baiolojia lenye manufaa, kwani dawa ikishindwa zizini leo, kesho itashindwa wodini.