Kode ya namba sita: usipatie mutu

Vijana wenzetu wa Kabambare na Kasongo,

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja nyuma ya kura, serikali ilikata intaneti inchi nzima. Tulipiga kelele, na tulikuwa na haki. Mwizi wa leo hakati kitu. Anakuomba tu.

WhatsApp haijui sura yako, inajua namba ya simu. Mwenye kuandika zile namba sita zinazoingia kwa SMS, kwake huyo ndiye wewe. Anaingia katika magrupu yetu, anaona namba za wenzetu wote, anaandikia mama yako: « Nitumie franga, niko na shida. » Sisi, ile liste ya wenzetu inatutia woga kuliko franga.

Usipatie mutu ile kode, hata akisema yeye ni yaya yako. Leo hii fungua « Paramètres », « Compte », kiisha « Vérification en deux étapes », weka siri yako.

Umeshaibiwa? Omba kode upya kwa namba yako: ukiiandika, mwizi anatoka palepale. Kama alishaweka siri yake, utangoja siku 7, lakini naye atakuwa inje.

Wasimamizi wa magrupu, namba ikianza kuomba franga, itoeni kwanza. Kiisha mpigieni mwenyewe simu ya kawaida, si ya WhatsApp.